Mabati Nyuma ya Kitanda

Kwetu sabuni mpya haikutumiwa siku iliyonunuliwa. Mama aliukata mche mzima kwa uzi, vipande vikatoka vimenyooka, akavipanga dirishani vipigwe na jua na upepo. Hapo vilikaa hadi vikauke kabisa, na ole wako ukionekana umekishika kimoja kabla ya ruhusa. Sabuni laini, alisema, huisha kwa kutazamwa tu. Iliyokauka hutoa povu kidogo, lakini hudumu, na nguo hazijali povu.

Maharagwe aliyachemsha kidogo jikoni, kisha akaibeba sufuria ikiwa bado inatokota na kuitia katika kikapu kikubwa alichokijaza matambara na vipande vya blanketi kuukuu. Aliifunika juu, akaizungushia leso, akaenda zake sokoni Kibuye kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Akirudi jioni maharagwe yameiva yenyewe, na makaa yamebaki kwenye gunia. Vumbi la makaa nalo halikutupwa. Tulilikanda kwa udongo na maji, tukalifinyanga madonge, tukayaanika. Nilipokwenda shule Jumatatu kucha zangu zilikuwa nyeusi, na mwalimu aliyekagua usafi alinijua kwa kucha hizo kabla hajanijua kwa sura.

Na unga. Kila jioni, akishapima unga wa ugali, mama aliingiza mkono katika bakuli, akatoa konzi moja na kuirudisha kwenye mkebe mwingine wenye kifuniko. Ugali ulipungua kidogo, kiasi ambacho tumbo linaweza kusamehe. Baada ya siku kadhaa mkebe ulijaa, na siku hiyo hatukununua unga.

Siku hizi redioni wanaleta wageni wa kufundisha watu kubana matumizi ya nyumbani. Huongea kwa furaha kubwa, kana kwamba wao ndio waliogundua moto. Mimi huzima redio. Kila wanachokitaja nakijua, na najua kilitugharimu nini.

Maana mama hakubana kwa sababu ya ubahili, wala hatukuwa na njaa ya kutisha. Alitaka kitu kimoja. Alitaka boma lake mwenyewe, lenye lango lake, na alilitaka baba akiwa hai.

Kwa watu wetu, mwanamume akioa hujenga kwanza ndani ya boma la baba yake. Akishapata watoto, na awe na wa kiume miongoni mwao, hutoka. Humchukua mtoto huyo abebe shoka, yeye mwenyewe hushika jogoo, mkewe huja nyuma na moto, wakaenda kufungua boma mahali papya. Hiyo ndiyo dala. Kuanzia siku hiyo mke ana lango lake, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi au amepika nini. Lakini anayefungua boma ni mume. Mume akifa kabla, mjane hubaki katika boma la baba mkwe, kwenye nyumba yoyote watakayomsimamishia, na lango analopitia maisha yake yote ni la mtu mwingine. Pale sokoni mama aliuza omena bega kwa bega na wanawake wa namna hiyo. Aliwasikiliza wakisimulia, halafu akarudi nyumbani na kutoa konzi yake ya unga.

Baba alikuwa na presha. Ndiko haraka yote ilikotoka.

Tuliishi Manyatta, mjini Kisumu, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na mabati yaliwekwa nyuma ya kitanda, yameegemezwa ukutani. Kila mama alipopata ya kutosha alinunua bati moja. Baba, aliyekuwa fundi wa baiskeli karibu na soko, alilifunga ubavuni mwa baiskeli na kuisukuma hadi nyumbani kwa miguu, njia nzima likilia kwa kila shimo. Majirani walitucheka. Walisema tunalala katika duka la vifaa vya ujenzi, na kwamba siku mwenye nyumba akituongezea kodi tutaezeka paa letu ndani ya paa lake. Usiku mtu akigeuka vibaya na kuligonga kwa kiwiko, nyumba nzima iliamka. Mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye angelibeba shoka, tulijifunza kulala bila kugeuka.

Baba alipenda sukari. Alitia vijiko vitatu, tena vya kujaa, na mama alimtania kwamba anakunywa sukari iliyonyunyiziwa chai. Asubuhi moja mama alikuwa akikwangua mkebe wa sukari ili apate ya vikombe vyetu wote, na baba akakifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Yangu wacha hivyo."

"Utakunywa hiyo chungu?"

"Weka ile yangu kwa bati."

Tulidhani ni mzaha wa siku moja. Hakutia sukari tena. Aliinywa chai yake akiukunja uso kidogo kwenye funda la kwanza, kisha uso ukakunjuka. Mara nyingine alipita karibu na kitanda akayagonga mabati kwa kidole na kuniambia, "Unaona hii? Hii yote ni sukari yangu." Nilicheka kila mara, kwa sababu alinikonyeza kila mara.

Siku mabati yalipofikia idadi aliyoitaja fundi wa kule nyumbani, mama alipika kuku. Kwetu kuku hakuchinjwa bila sababu. Tulikula tukiyatazama mabati nyuma ya kitanda kama wageni wa heshima, na Jumamosi hiyo baba akaenda nyumbani kwao, upande wa Luanda Kotieno, kuwaambia wazee kwamba yuko tayari kutoka. Alirudi kesho yake jioni. Mama alikuwa akichambua omena mlangoni na hakuinuka.

"Wamesema nini?"

"Wamesema ni vizuri."

"Halafu?"

Baba akavua viatu, kimoja kimoja. "Halafu ndugu yangu bado hajatoka."

"Si atoke!"

"Atoke na nini?"

Omena zikabaki mkononi mwa mama. Alilijua jambo hilo, sote tulilijua, lakini nadhani alikuwa amejidanganya kwamba wazee watalifumbia macho. Mdogo hafungui boma kabla ya mkubwa wake. Akimruka, yanayofuata ni chira, na chira haimpati aliyekosea peke yake. Huingia kwa watoto, wakakonda bila ugonjwa. Baba aliimba kwaya kanisani na hakukosa Jumapili hata moja, lakini kwa hili hakutaka utani. Nilimuuliza kama Mungu anazo habari za chira. Akaniambia Mungu anazo, lakini watakaokuja kumzika ni wazee wa kwao.

Kwa siku chache mama aliendelea na kazi zake. Sabuni zilikauka, maharagwe yakaiva kikapuni, mkebe wa unga ukaongezeka. Kisha asubuhi moja, baba akiwa na chai yake chungu mkononi, mama akasema, "Tumpe hii."

"Nini?"

"Mabati. Ajenge. Yeye akitoka, njia iko wazi. Sisi tunaanza tena."

Baba alikiweka kikombe chini. "Tunaanza tena?"

"Si tulianza na moja?"

Sijui mtu mwingine ambaye angeweza kulifikiria hilo, na hadi leo sijaamua kama lilikuwa jambo kubwa au la kichaa. Baba alibisha, lakini alibisha kwa sauti ndogo ya mtu mwenye haya. Kumwomba ndugu yake ajenge kwa mabati aliyoyanunua mama hakungetoka mdomoni mwake. Kwa hiyo mama akaenda mwenyewe, akanichukua mimi nimbebee kapu.

Baba Mkubwa alikuwa na kibanda cha kuchoma nyama Awasi, kando ya barabara ya Kericho, na kila aliyepita alimsalimia. Alikuwa mtu wa kupendwa. Alicheka kwa tumbo lote, alikopesha nyama kwa yeyote mwenye hadithi nzuri, na mfukoni hakukaa kitu. Alituwekea ubao wa mbuzi aliyechomwa. Mama alikula vipande viwili, vilivyobaki akavifunga katika karatasi na kuvitia kapuni.

"Nyar Sakwa," akamwita, maana kwa watu wetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa nchi ya kwao, na mama alitoka Sakwa. "Umekuja kunisalimia ama kuna maneno?"

"Maneno iko, shemeji. Utatoka lini kwa boma ya mzee?"

Akacheka, akipangusa kisu. "Nitatoka. Haraka ya nini? Mimi naishi hapa Awasi. Nani anangojea hiyo nyumba?"

"Mimi nangojea."

Hapo akalielewa, na kicheko kikapungua. Mama hakumpa nafasi ya kutafuta maneno. "Mabati iko. Misumari nitanunua. Wewe leta tu mwili yako na jogoo."

"Wewe ndio unanijengea nyumba? Watu watasema nini?"

"Watasema umejenga."

Alikitazama kisu chake, kisha akanitazama mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa rahisi kutazamwa kuliko mama. Akasema yeye si mtu wa kukataa kitu kizuri. Tulipoondoka alimwongezea mama nyama nyingine, na mama aliipokea. Njiani hakusema lolote ila kwamba ile nyama akiikausha vizuri itatutoa hadi Jumatano.

Gari lilipokuja kuyachukua mabati, nilidhani nitafurahi kupata nafasi ya kugeuka kitandani. Usiku huo sikulala. Chumba kilikuwa kimekuwa kikubwa mno, na ukutani palibaki alama safi yenye umbo la mabati. Mama aliuosha ukuta wote kwa maji ya kusuuzia nguo, lakini alama haikutoka.

Baba Mkubwa alitoka vizuri. Shoka lilibebwa, jogoo akawika, watu wakala, na baba alicheza dansi hadi shati likalowa. Nakumbuka nikiwaza kwamba sijawahi kumwona akiwa mwepesi hivyo. Baba Mkubwa akalala katika nyumba yake mpya zile siku zinazotakiwa na desturi, kisha akafunga mlango kwa kufuli, akarudi Awasi kwenye nyama yake. Hakuwa mbaya. Nyumba ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake, na kazi yake ilikuwa kutupisha sisi. Kuku wa jirani wakahamia barazani.

Tukaanza tena na moja.

Safari hii tulibana zaidi, na vitu vya kubana vilikuwa vimepungua. Majani ya chai yakachemshwa mara mbili. Mama alianza kwenda kununua nyanya wakati soko linafungwa, zile ambazo zimelainika, akakata upande ulioharibika na kupika ule mwingine. Badala ya samaki mzima tulikula mgongo wazi, ule uti wa mbuta unaobaki viwandani baada ya minofu kwenda kwa wenye pesa, na lazima niseme ukikaangwa vizuri ni mtamu. Sare ya mdogo wangu ilinunuliwa kubwa, ikakunjwa pindo, na kila mwaka pindo moja likafunguliwa, hata ukitazama suruali yake unaweza kusoma madarasa aliyopitia.

Nilipomaliza shule nikapata kazi katika duka la fotokopi karibu na stendi. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilinunua bati. Sikumwambia mama, nililileta tu. Alilipapasa kwa kiganja kutoka juu hadi chini, taratibu, halafu akaniuliza kama nimekula mchana. Nilijisikia mtu mzima kuliko siku yoyote.

Lakini miaka ile pikipiki zilikuwa zimewamaliza waendesha baiskeli wa Kisumu. Vijana waliobeba abiria kwa baiskeli, ambao baba aliwaunga minyororo na kuwanyoosha magurudumu, waliziuza moja baada ya nyingine. Baba alikaa kwenye kibanda chake siku nzima na kurudi na pampu mkononi na hadithi za watu aliowaona wakipita. Kliniki walimwambia presha imepanda, wakampa tembe za kumeza kila siku bila kukosa. Mama alimuuliza kila asubuhi kama amemeza. Baba alijibu amemeza, na hakuwa anadanganya.

Yalikuwa yamebaki mabati machache tu. Wazee walikwisha kuonyesha mahali pa boma, mama amekwisha kuamua lango litazame wapi, na baba alikuwa amechonga mpini wa shoka. Asubuhi moja ya kawaida akaenda kibandani, akainama kunyoosha gurudumu la mtoto wa shule, akaanguka. Walimkimbiza hospitali. Hakuamka.

Naweza kuandika juu ya mambo mengi bila kusita, lakini hapa kalamu inakuwa nzito. Nilimpenda baba yangu. Alikuwa mtu mdogo mwenye mikono ya mafuta na hakunipigia kelele hata siku moja.

Siku ya pili ya msiba wazee wa kwao walifika Manyatta. Walikunywa chai, wakasali, kisha mmoja wao akauliza kwa upole, "Sasa mwili italala wapi?" Mtu hazikwi akitokea nje. Lazima alale usiku wa mwisho katika nyumba yake. Kijumba cha ujana wake katika boma la babu kilikuwa kimeanguka zamani, na boma lake hakulifungua, na sasa hakuna mtu aliyeweza kulifungua. Nyumba ingesimamishwa haraka ndani ya boma la babu, kabla mwili haujatoka mochari. Walitazamana. Kisha wote wakatazama nyuma ya kitanda.

Mama alikuwa hajalia bado. Mochari hakulia, na wanawake wa soko walianza kuogopa. Vijana walipoingia nyuma ya kitanda na kuyavuta mabati, yakaanza kugongana na kulia, ndipo mama alipopiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Alilia akiwa ameushika mwimo wa mlango. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mjane analilia mali. Nilimgeukia nikamwambia atoke, na alitoka. Sijawahi kujuta.

Nyumba ilisimamishwa kwa siku mbili. Mabati hayakutosha, upande wa nyuma ukafunikwa na ya zamani yenye kutu yaliyotoka kwenye jiko la mtu. Wakati vijana wakipigilia misumari, waombolezaji waliingizwa kwenye nyumba ya Baba Mkubwa, ambayo aliifungua kufuli kwa ajili ya msiba. Mama aliketishwa mkekani katikati ya wanawake wakiimba nyimbo za kanisa. Alikuwa ameinua uso, anatazama juu, na walidhani anaomba. Nilijua anatazama mabati.

Jioni jeneza liliingizwa katika nyumba ambayo bado ilinuka udongo mbichi. Baba Mkubwa alikuja akaketi chini karibu nalo. Mtu yule wa kicheko alikuwa amelegea mwili mzima. Akaweka mkono juu ya mbao na kuongea na ndugu yake kwa Kiluo, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Alisema, kila kitu ulikuwa unaningoja mimi. Ulingoja nioe, ukangoja nijenge. Sasa hii mbona hukuningoja? Aliuliza mara ya pili, na mama, ambaye nilidhani amemkasirikia hadi kaburini, akavua leso yake begani na kumpa afute uso.

Mimi nilikuwa nimekasirika. Niliwakasirikia wazee na desturi yao. Nikamkasirikia Mungu wa kwaya. Kumbe nilikuwa sijajua lolote.

Baada ya mazishi nilirudi na mama Manyatta kukifungasha chumba, kwa kuwa mjane alitakiwa kukaa nyumbani. Tulipokisogeza kitanda, kwenye kitofali kilichochomoza ukutani, mahali ambapo mabati yalikuwa yakipafunika, palikuwa na kisanduku cha kiberiti. Mama alikifungua akitumaini njiti. Ndani mlikuwa na tembe za presha, kila moja imekatwa katikati kwa wembe, sawasawa, kazi ya mkono wa fundi.

Mama akakaa sakafuni.

Ilituchukua muda kulielewa. Kila asubuhi alipoulizwa kama amemeza, alikuwa amemeza nusu. Nusu nyingine aliiweka ya kesho, ili tembe za mwezi zimpeleke miezi miwili, na pesa za mwezi wa pili ziingie kwenye bati. Hakutuambia, kwa sababu tungemkataza.

"Nani alimwambia dawa inapunguzwa?" mama akauliza. "Mimi nilisema dawa? Kuna siku nilisema dawa?"

Hakusema. Hakuna mtu aliyesema. Lakini baba aliishi katika nyumba ambamo sabuni ilipunguzwa, na unga, na chai, na kila tulichopunguza kilitutosha hivyo hivyo, na mama alifurahi. Angejuaje kwamba tembe hazina tabia ya unga? Nilikaa sakafuni karibu na mama. Nilitaka kumwambia si kosa lake. Maneno nilikuwa nayo na hayakutoka, na baadaye nilipoyasema, yalikuwa yamechelewa.

Siku hizi mama anaishi katika ile nyumba, ndani ya boma la babu. Mdogo wangu yuko mbali kikazi. Mimi huenda kila ninapoweza kutoka Kisumu, na kila nikienda nakuta sabuni dirishani. Huo mkebe wa unga upo. Anapika ugali wa mtu mmoja, ugali wa kukaa kwenye kiganja, na bado anatoa konzi. Nilimuuliza anamwekea nani. Akanitazama kwa mshangao, akatazama mkono wake, akasema, "Mkono umezoea tu."

Safari iliyopita mvua ilikuja kutoka ziwani alasiri, ghafla, kama inavyokuja kule. Upande wa nyuma wenye mabati ya kutu ulianza kuvuja, nikakimbilia kuweka sufuria. Mama hakujali huko. Alijifunga leso kichwani, akachukua ndoo mbili, akanitupia mtungi wa plastiki. "Njoo haraka."

Alitoka kwa mbio nikamfuata, tukapita lango la babu, tukakata shamba la mtama, hadi kwenye boma la Baba Mkubwa. Nyumba ilikuwa imefungwa kufuli kama kawaida. Lakini kwenye ukingo wa paa niliona mfereji wa bati uliofungwa kwa waya, na chini yake pipa, na mama tayari alikuwa amezipanga ndoo zake.

"Mama, hii nyumba ni ya watu."

"Nyumba ni yake," akasema. Mvua ilimpiga usoni na hakufumba macho. "Hii mabati ni yangu. Hii maji ni yangu."

Tulisimama chini ya ukingo hadi kila chombo kikajaa. Mabati yalipiga kelele, na ilikuwa kelele ile ile niliyoogopa kuiamsha nikiwa mtoto, sasa ikiwa kubwa na huru juu ya nyumba isiyo na mtu. Nikalia, kwa kuwa kwenye mvua mtu halazimiki kueleza. Mama aliniacha nilie. Kisha akanitwika.

Nyumbani aliteka maji yale yale, akawasha moto, akachemsha chai, majani mapya. Alimimina vikombe viwili. Halafu akafanya kitu ambacho sijamwona akikifanya tangu utoto wangu. Alichukua mkebe wa sukari nilioujaza mimi kutoka mjini, akatia kwenye kikombe chake vijiko vitatu, vya kujaa, akivitazama vikizama.

Akakoroga. Akanywa funda moja, akalishika mdomoni kwa muda mrefu kabla ya kumeza.

"Ni tamu sana," akasema. "Siiwezi."

Akakisukuma kikombe kuja kwangu. Kwetu chai haimwagwi, kwa hiyo nikainywa, yote, hadi sukari iliyobaki chini.